Itale kwa Mbele, Nyamizi kwa Nyuma

Siku ya kuniaga ofisini niliombwa niseme neno kwa wapima ardhi vijana. Nikasema asanteni sana, wali unapoa. Watu wakacheka, tukala, nikarudi nyumbani kwangu Shinyanga mjini na saa ya ukutani niliyozawadiwa, na maneno yote niliyokusudia kuyasema yakiwa bado kifuani. Sasa nina muda. Kuku wangu hawahitaji kupimiwa mipaka. Basi nayaandika hapa kwa ajili yenu, ninyi mnaorusha droni na kurudi ofisini kabla ya chai ya saa nne. Sitawaeleza vyeo nilivyopata, maana havikuwa vingi, na kila mtu anavijua. Nitawaeleza mlima mmoja.

Mlima wenyewe uko mbali, magharibi ya Kahama, ndani ya msitu wa miyombo unaoelekea nchi ya dhahabu ya Geita. Barabara inaishia porini, halafu ni kutembea. Pembeni mwake kuna vijiji viwili tu vya maana, kimoja mashariki na kimoja magharibi. Nitaviita hivyo hivyo, kijiji cha mashariki na kijiji cha magharibi, kwa sababu vyote vina wajukuu wenye simu na sitaki kupigiwa.

Mara ya kwanza nilipelekwa huko nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, fundi sanifu wa upimaji, mwanamke peke yangu katika kikosi. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Bundala, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya turubai iliyokuwa na umri kunizidi. Alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni.

"Hivi viatu vya kanisani umeviletea nini?"

"Shikamoo mzee. Ndivyo nilivyo navyo."

"Marahaba. Tutapita sokoni."

Tulipofika Kahama akasimamisha Landrova, akaniteremsha mbele ya duka la viatu, akamwambia mwenye duka anitafutie raba ngumu zenye meno. Kisha akaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika gari wenzangu walianza kugawana mizigo kwa midomo: huyu atabeba saruji, yule maji, yule miguu ya chombo. Mmoja akauliza mama huyu atabeba nini. Mzee Bundala akajibu bila kugeuka, "Atabeba anachoweza, kama ninyi mnavyobeba mnachoweza."

Nikachagua tiodolaiti. Ninyi mmeiona imekaa kabatini pale ofisini kama kumbukumbu, mkadhani ni darubini ya kizamani. Ndiyo ilikuwa macho yetu. Inapima pembe kati ya mlima na mlima, na ukikosea kuibeba, ukaigonga kwenye jiwe, kazi ya msimu mzima imekwisha. Inakaa ndani ya sanduku la chuma lenye mikanda, na sanduku hilo lina tabia ya kutafuta mfupa wa mgongo na kuushikilia. Nilipanda nalo kwa njia ya mashariki, ile wafugaji wanayopitishia ng'ombe kwenda malishoni. Ni njia ya upole mwanzoni, pana, imekanyagwa ikakanyagika. Mwishoni inageuka mawe matupu na unapanda kwa mikono. Hakuna aliyenipokea mzigo, wala sikuomba. Nilipofika juu nilitaka kukaa chini hapo hapo. Mzee Bundala akaninyooshea kidole kwenye kimti kimoja.

"Chombo kivulini kwanza. Halafu wewe."

Nimelisema neno hilo kwa kila kijana niliyemfundisha, na kila mmoja amenikasirikia siku ya kwanza.

Huko juu ilikuwapo bikoni ya zamani, yaani bomba la chuma lililosimikwa kwenye zege na kuandikwa namba, iliyowekwa na wapima wa kikoloni. Tuliikuta imevunjwavunjwa na shimo limechimbwa pembeni yake. Watu wengi huku walikuwa wakiamini kwamba Wajerumani walifukia mali chini ya bikoni. Vijana wa kikosi walianza kutukana. Mzee Bundala hakutukana. Tukajenga upya, na tuliposhuka akamwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe watu, akawaeleza kazi ya bikoni kwa Kisukuma kizuri, taratibu, kisha akamalizia: "Chini yake kuna zege, na chini ya zege kuna jiwe. Anayetaka jiwe, yapo mengi tu hapa nje, achukue." Watu wakacheka. Bikoni ile haikuguswa tena. Tangu siku hiyo sikuwahi kusimika kitu chochote kwenye ardhi ya watu kabla ya kukaa nao na kuwaeleza ni cha nini. Huo ndio upimaji niliofundishwa, na nauonea fahari kuliko hesabu zote.

Tulikaa kileleni majuma kadhaa. Kiangazi kule kina moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la mifugo, hata mlima wa jirani unapotea kama umekunjwa na kuwekwa mfukoni. Saa nzuri ni asubuhi tu, jua likiwa limechomoza na hewa haijaanza kutetemeka. Unapima, unaandika, unapima tena, halafu unashinda ukisubiri kesho. Katika kusubiri huko ndipo nilipogundua kwamba ramani yetu ilionyesha mlima ule kwa kitone na namba ya urefu, bila jina. Nikamuuliza Mzee Bundala mlima huu unaitwaje.

"Inategemea umelala upande gani," akasema.

Ilikuwa kweli. Watu wa mashariki waliuita Itale, yaani jiwe kubwa kwa Kisukuma. Mvua za kwanza hutanda pale, na wao wakiona jiwe limevaa wingu wanatengeneza majembe. Watu wa magharibi, ambao wengi ni Wasumbwa na warina asali wa tangu zamani, waliuita Nyamizi, jina la mwanamke. Niliandika majina yote mawili katika ripoti. Ofisi ya ramani ikajibu kwamba kilele kimoja hakiwezi kuwa na majina mawili, mkubaliane. Vijiji havikukubaliana. Kitone kikabaki kitone.

Miaka ikapita. Mzee Bundala alistaafu, nikaanza kuongoza kikosi mwenyewe. Nilipima mashamba ya pamba Kishapu, viwanja vya Nyahanga wakati Kahama inapanuka, na machimbo mengi kuliko ninavyoweza kuyakumbuka. Lakini kila msimu wa kukagua bikoni niliuomba mlima ule, na wakubwa walinipa kwa furaha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka.

Ndivyo nilivyokuja kuzijua njia zake nyingine. Ya magharibi nilionyeshwa na Mihayo, mrina asali wa makamo, mcheshi, aliyekuwa na mizinga yake imetundikwa mitini mpaka karibu na kilele. Njia yake ilipita kwenye kivuli mwanzo hadi mwisho, ikafuata korongo lenye maji masika, ikapanda kwenye mizizi iliyojipanga kama ngazi, ikatokea kwenye shingo ya mlima. Ni ndefu kuliko ya ng'ombe, lakini haikuchoshi. Niliichora yote. Mihayo alipoona nimeandika "Njia ya Asali" alifurahi, kisha akaniomba nisiandike mizinga iko wapi. Sikuandika.

Njia ya tatu si njia. Ni ukuta wa mwamba upande wa magharibi, chini kidogo ya kilele, wenye ufa mrefu na vijukwaa vya mawe. Mihayo alinionyesha kutoka mbali tu. Akasema hapo hata nyuki hawakai.

Halafu ikaja dhahabu. Mtu mmoja aliokota jiwe lenye kung'aa mguuni mwa mlima, na haukupita muda msitu ulikuwa na mahema, mama ntilie, redio, na watu kutoka Rwamgasa, Kahama, Kishapu na kwingineko. Walichimba maduara, yale mashimo yao ya kushuka kwa kamba, hasa upande wa mashariki chini ya jiwe la Itale. Wengine waliona kule kumejaa, wakazunguka nyuma na kufuata mshipa wa mawe meupe mpaka kwenye ule ufa. Serikali iliamua kuwapimia viwanja ili wachimbe kwa utaratibu, na kikosi changu kikatumwa.

Tulikuwa tumepiga kambi kijiji cha mashariki mvua kubwa ilipotukuta. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mlima ulikuwa umefunikwa, na kabla mawingu hayajainuka tukasikia mngurumo mrefu, kama lori linamwaga kokoto lisimalize. Baadaye kidogo mtu mmoja akaja mbio na simu mkononi. Mdogo wake, Shija, alikuwa amempigia. Yeye na wenzake walikuwa wamelala kwenye kijukwaa cha mwamba karibu na shimo lao, mawe yameporomoka, njia ya kushukia imekwenda, na mwenzao mmoja amevunjika mguu. Alipomuuliza wako wapi, Shija akasema, "Tuko Nyamizi."

Mwenyekiti wa kijiji cha mashariki wakati huo alikuwa Luhende, mfugaji mwenye sauti kubwa na moyo mwema. Akasema mara moja: "Nyamizi ndilo jina wale wa magharibi wanaloliitia Itale. Ni mlima huo huo." Chini ya Itale kweli kulikuwa na mawe mapya yaliyoporomoka juu ya maduara. Wanaume wakachukua sululu na kamba, wakaenda huko wakaanza kuchimba na kuita majina. Hakuna aliyeitika.

Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimesimama juu ya mlima ule mara nyingi, na kijukwaa cha kulala watu chini ya Itale sikukijua. Nikamwomba yule kaka simu, nikapiga.

"Shikamoo mama," sauti ikasema, baada ya mimi kujitambulisha. Hata kwenye mwamba ule hakusahau.

"Marahaba, Shija. Chaji imebaki kiasi gani?"

"Kidogo sana. Inalia lia."

"Basi nisikilize. Usiniambie mlima unaitwaje. Niambie unaona nini mbele yako."

"Miti."

"Nyuma ya miti?"

"Mawingu yanaondoka. Kuna mnara wa simu, mbali."

"Na bati lolote?"

"Lipo jekundu. Nadhani ni kanisa."

"Kanisa na mnara vimeachana, au vimekaribiana?"

Nikamsikia akimuuliza mwenzake. "Vimekaribiana kabisa. Mnara umesimama nyuma ya kanisa, kama umeota juu ya paa."

"Vizuri. Sasa geuka kushoto. Kuna nini?"

"Lambo la ng'ombe. Ila silioni lote. Naona ukingo wake umenyooka kunielekea mimi, kama barabara."

"Shija, umenisaidia sana. Zima simu. Iwashe jua likifika utosini."

Jamani, hiyo ndiyo kazi yetu yote. Mahali usipopajua unapapata kwa vitu vinavyoonekana kutoka pale. Nilitandaza ramani juu ya boneti ya gari, nikachukua rula. Nikapiga mstari kutoka kwenye mnara kupitia kanisani mpaka mlimani. Nikapiga wa pili kufuata ukingo wa lambo. Kisha nikaipiga tena mistari ile ile kwa kalamu nyingine. Ikakutana mahali pale pale. Haikukutana Itale. Ilikutana nyuma, kwenye ule ukuta ambao hata nyuki hawakai.

Nikampigia Mihayo. Alikuwa kwake, upande wa magharibi.

"Mihayo, Nyamizi na Itale ni kitu kimoja?"

"Nani kasema? Itale ni lile jiwe tupu la mbele. Halina hata mzinga. Nyamizi ni hiki chetu cha nyuma, chenye msitu. Kwani hukujua?"

Nilijua kwamba mlima una vichwa viwili, maana nimepima vyote. Kwamba majina nayo yalikuwa mawili kwa sababu hiyo, hakuna aliyewahi kulisema. Ukiuliza ukiwa kijijini mtu ananyoosha kidevu, "ule pale," na kila upande unaona kichwa kimoja tu.

Nikamfuata Luhende kwenye kifusi. Alikuwa amejaa tope mpaka kiunoni.

"Mwenyekiti, hawako hapa. Wako nyuma, kwenye ukuta. Nipe watu wenye kamba."

"Mama Limi, watu wangu wanachimba. Nikiwatoa hapa, kisha wawe wako humu chini?"

"Acha nusu waendelee. Wengine nipe."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitarudi kuchimba na ninyi mpaka mwisho."

Aliitazama ramani ingawa alikuwa hana miwani. Kisha akanitazama mimi. Akaita majina ya wachimbaji wale waliozoea kushushwa kwenye maduara, akasema, "Nendeni na mama. Anachosema, fanyeni." Mimi nilipokea vyeti kadhaa kazini. Hakuna kilichonipa uzito kama maneno yale.

Tulizunguka kwa gari, halafu kwa miguu, tukamkuta Mihayo ametangulia kwenye mwanzo wa Njia ya Asali na panga na kamba zake za kupandia. Korongo lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai. Tulivuka tumeshikana mikono. Kwenye mizizi ile nilikuwa na umri ambao magoti yanaanza kutoa maoni, lakini sikuyasikiliza. Tulipofika shingoni nikawaomba wote wanyamaze. Upepo ulikuwa umetulia. Kutoka chini yetu, mkono wa kushoto, ikaja mbinja, ya mtu anayewaita ng'ombe.

"Mtu wa Kishapu huyo," mmoja wa wachimbaji akasema, akaanza kulia huku anacheka.

Sitajisifia kazi ya kamba, haikuwa yangu. Ilikuwa ya wachimbaji. Watu huwa wanawaita wahuni. Ningependa wangewaona siku ile. Walifunga kamba mbili kwenye shina la mninga, kila moja ikajaribiwa kwa uzito wa watu watatu, wakaweka magunia kwenye kingo za mwamba ili kamba isikatike. Mmoja wao akashuka kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mimi nililala kifudifudi ukingoni nikiwa nawaelekeza kushoto na kulia, maana mwenye kushika kamba haoni chini. Wa kwanza kupanda alikuwa mwenye mguu uliovunjika, amefungwa kwenye gunia na fito, amefumba macho, anasali. Wakafuata wengine. Shija alikataa kupanda mpaka wenzake wote wameisha. Alipofika juu, mwembamba, amelowa, midomo imekauka, akaja moja kwa moja kwangu akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Ulishaniamkia, Shija. Inuka unywe maji."

Tuliteremka kwa Njia ya Asali na majeruhi kwenye machela ya fito na makoti, tukipokezana. Jua lilikuwa bado lipo tulipotokea bondeni. Pale walikuwa wamekusanyika watu wa vijiji vyote viwili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Wote waliokuwa wamekwama walikuwa hai. Luhende alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, kisha akasema kwa ile sauti yake, "Kumbe mlima huu una mgongo!"

Baada ya hapo suala la jina halikuweza kusubiri. Tuliitisha mkutano wa vijiji vyote viwili. Msidhani uokoaji uliwafanya watu malaika. Watu wa mashariki walisimama wakataka ramani iandike Itale. Wa magharibi wakataka Nyamizi. Msiwacheke. Kulikuwa na dhahabu chini na msitu juu, na kila upande uliogopa kwamba jina likienda kwa wenzao mlima nao utakwenda. Nilieleza kwamba jina halimpi mtu ardhi. Nikaona nyusoni mwao kwamba hawajaniamini.

Ndipo akasimama Bibi Kashindye wa kijiji cha magharibi, mzee kuliko wote mkutanoni. Alisema Nyamizi alikuwa mtu, wa ukoo wao. Zamani, wakati wa vita, aliwapandisha watoto wa kijiji mlimani kwa njia ya warina asali, akakaa nao huko wakila asali na matunda mpaka hali ikatulia, akawarudisha wote. "Hakuzaliwa huko wala hakufia huko," akasema. "Alikaa tu, watoto wakapona. Mkitaka kumfuta, mfuteni mimi nikiwa nimeshakufa." Akakaa chini.

Nikasema, twendeni juu. Si mwakani, wiki hii. Mashariki wapite njia yao ya ng'ombe, magharibi wapite ya asali, tukutane huko huko. Wakakubali, nadhani kwa kuwa kila upande uliamini wenzao watashindwa kufika.

Luhende alifika wa kwanza juu ya Itale, akapanua mikono. "Hiki hapa kilele!" Kisha akageuka. Nyuma yake, ng'ambo ya shingo, kilisimama kichwa kingine chenye msitu, na juu yake walikuwa wamekaa watu wa magharibi wakimpungia mikono. Ilibidi ainue uso kuwatazama. Maisha yake yote alikuwa ameishi chini ya jiwe lile, na jiwe lenyewe lilimziba asione.

"Mama Limi," akasema, "pima."

Nikasimamisha chombo, nikapima mbele yake, nikamwambia.

"Pima tena."

Nikapima tena. Nikamwachia atazame mwenyewe kwenye kioo. Alitazama kwa muda mrefu, jicho moja amelifunika kwa kiganja.

"Kwa hiyo mvua yetu inaanzia begani," akasema mwishowe.

Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akakaa. Tukavuka shingo, wakasalimiana, na pale juu wakakubaliana: jiwe la mbele ni Itale, kichwa cha nyuma kilicho kirefu zaidi ni Nyamizi, na vyote viandikwe. Tukaingia kwenye majina ya njia. Njia ya Ng'ombe na Njia ya Asali hazikuwa na ubishi. Kuhusu ule ukuta watu walitoa majina mengi ya fahari, mpaka Shija, aliyekuwa amekuja na wachimbaji wenzake, akainua mkono.

"Uitwe Usipite."

Ukaitwa Usipite.

Ofisi ya ramani ilikubali majina ya vilele. Njia wakasema haziandikwi kwenye ramani ya ukubwa ule. Sikubishana. Nikachora mchoro mkubwa wenye vilele, njia, korongo, kanisa, mnara na lambo, nikaupeleka mwenyewe kwenye ofisi za vijiji vyote viwili na kwenye zahanati. Siku nilipoubandika kijiji cha magharibi, Bibi Kashindye aliletwa auone. Hakujua kusoma. Akaniomba nimshike kidole nimwekee juu ya jina. Nikamwekea. Akakipitisha kidole taratibu, herufi kwa herufi, kwenda na kurudi.

"Mbona dogo hivi?"

"Karatasi ndiyo ndogo, bibi."

"Wabeja," akasema. Asante. Kisha akaongeza kwamba serikali inunue karatasi kubwa.

Masika ya mwisho kabla sijastaafu, nilikuwa ofisini Shinyanga nikikabidhi vifaa. Mihayo akanipigia simu, anacheka. Akanihadithia kwamba wiki iliyopita mrina asali mwenzake, mgeni kabisa katika msitu ule, alianguka mtini akaumia nyonga. Mgeni huyo alipiga simu zahanati akasema maneno machache tu: niko Nyamizi, Njia ya Asali, juu ya korongo. Watu wakabeba machela, wakaenda moja kwa moja, wakamkuta, wakamshusha. Anaendelea vizuri.

"Mbona hamkuniambia siku ile ile?" nikamuuliza. "Ningewaelekeza."

"Kutuelekeza wapi, mama?" Mihayo akasema. "Kila mtu anapajua."